Gango la kidole gumba: ijulikane kwanza panapouma

Mazungumzo haya ya afya yaliandaliwa kwa ajili ya wakazi wa Rhonda, jijini Nakuru. Yanachapishwa hapa ili yawafae wakazi wa kaunti nzima.



Anayetaka kujua kazi ya kidole gumba apite sokoni asubuhi. Mama mboga anamenya minji, na gumba ndilo linalopasua ganda na kusukuma punje karaini. Jirani yake anakata sukuma wiki, gumba likiwa ndilo linaloupokea ukali wa kisu siku nzima. Mama fua anakamua blanketi. Msusi anavuta nywele. Wakati wa mavuno, mahindi kutoka Njoro na Molo yakifika, kuna nyumba ambako yanapukuchuliwa kwa mkono mpaka usiku. Gumba hilo likianza kuuma, hata kumfungia mtoto vifungo vya shati la shule huwa shughuli, na biashara inayotegemea mikono huanza kuyumba.

Kinachofuata mara nyingi ni safari ya duka la dawa. Mtu anaomba "saporti ya kidole", anapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji, anaivaa wiki mbili, haoni nafuu, anaitupa chini ya kitanda. Saporti hiyo, ambayo kwa Kiswahili huitwa gango, huenda haikuwa mbovu. Ilishika kiungo ambacho hakikuwa kinaumwa.

Gango halitibu kwa dawa yoyote iliyomo ndani yake. Kazi yake ni kutuliza kiungo kimoja kisitembee, huku kikiviacha vingine viendelee na kazi. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si bei wala rangi. Ni hili: panauma wapi hasa?

Kuna wanaoumwa kwenye shina la gumba, pale kidole kinapokutana na kifundo cha mkono. Maumivu huja mtu anapofungua kifuniko cha chupa, anapozungusha ufunguo au anapobana kitu kwa ncha za vidole. Hii mara nyingi ni gegedu ya kiungo inayolika taratibu, na huwapata zaidi wanawake waliopita umri wa miaka 40 au 50. Watafiti waliopima nguvu za mkono walikuta kwamba kubana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kwenye ncha ya gumba huweka mzigo wa takriban kilo 12 kwenye kiungo cha shinani. Debe moja la minji lina maganda mangapi? Ndiyo maana kiungo hicho huchoka mapema.

Anayeumwa hapo anafaa gango fupi, lile linalozunguka kiganja na shina la gumba na kuacha kifundo cha mkono na ncha ya kidole vikiwa huru. Lakini asitarajie miujiza. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wagonjwa 112, ulionyesha kwamba waliovaa gango usiku hawakuwa na tofauti yoyote na wenzao baada ya mwezi 1. Nafuu ilionekana baada ya miezi 12. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2021, haukuona faida ya ziada ya gango katika wiki 8 kwa watu waliokuwa tayari wanafundishwa mazoezi na namna ya kuutunza mkono. Anayeuziwa gango kwa ahadi ya kupona ndani ya siku tatu ana haki ya kutilia shaka.

Wengine huumwa juu kidogo, ubavuni mwa kifundo cha mkono, upande wa gumba. Hawa ni pamoja na akina mama waliojifungua karibuni, wanaomnyanyua mtoto mara kwa mara kwa kumshika chini ya makwapa, magumba yakiwa yametanuliwa. Ni pamoja pia na wanaofua na wanaosokota nguo kila siku. Kano mbili zinazolivuta gumba hupita hapo ndani ya mfereji mwembamba, na mfereji ukivimba, kano hukwaruzwa. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na bado unaitwa kwa jina lake. Namna ya kuutambua ni kulikunja gumba ndani ya ngumi, kisha kuinamisha mkono polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali yakichoma kwenye ubavu wa kifundo, basi huenda ni huu. Asiyeweza kuinamisha hata kidogo asilazimishe.

Hapa gango fupi ni hasara tupu, kwa sababu kifundo cha mkono kinaendelea kupinda na kano zinaendelea kukwaruzwa. Linalofaa ni refu, linaloanza karibu nusu ya kigasha, likashika kifundo pamoja na gumba na kuiacha ncha tu. Huvaliwa wiki 3 hadi 6 hivi. Mama mwenye mtoto mchanga ana kazi ya pili, nayo haina gharama: amnyanyue mtoto kwa kupitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mgongo na shingo, viganja vikitazama juu. Maumivu yasipopungua baada ya wiki hizo, kuna sindano ambayo daktari huidunga kwenye mfereji huo na husaidia wengi. Yupo pia ambaye gumba lake hukwama likikunjwa, kisha hufunguka kwa mlio. Huyo huhitaji kigango kidogo cha kidole peke yake, na ni vyema aonyeshwe na mtaalamu kinavyokaa.

Hadi hapo ni maumivu yaliyokuja polepole. Aliyeanguka ni habari nyingine kabisa.

Boda boda ikiteleza kwenye matope, mwendeshaji hutanguliza kiganja chini. Karibu na shina la gumba kuna mfupa mdogo wenye umbo la korosho, na huo ndio unaovunjika kwa urahisi katika anguko la namna hiyo. Mtu akilinyoosha gumba juu, kama anayesimamisha matatu, hutokea kishimo kati ya kano mbili chini yake. Pakiuma pakibonyezwa hapo baada ya kuanguka, asiende dukani kununua gango na kurudi stejini. Aende akapigwe eksirei.

Tatizo la mfupa huo ni kwamba mkono unaweza usivimbe sana, na eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa. Mhudumu mwangalifu hufunga mkono hivyo hivyo na kumwambia mgonjwa arudi baada ya siku 10 hadi 14 apigwe nyingine. Wengi hawarudi. Wameambiwa picha ni safi, na siku moja bila kazi ni siku moja bila unga. Lakini damu ya mfupa huo huingilia upande mmoja tu, ule wa mbele. Ukivunjika katikati na kuachwa, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa, kisha kifundo kizima kikaanza kulika. Plasta ya wiki 6 hadi 12 inachosha, lakini kijana wa miaka 25 asiyeweza tena kuvuta breki amepoteza zaidi ya wiki 12.

Anguko jingine ni lile ambapo gumba husukumwa kwa nguvu mbali na kiganja. Kano inayolizuia lisifunguke huchanika. Baadaye mtu hugundua kwamba hawezi kushika kikombe vizuri, kwa sababu kidole kinakimbia pembeni. Ikiwa kano imekatika kabisa, ncha yake huweza kunaswa nje ya mahali pake, na hapo hakuna gango litakaloirudisha. Ni upasuaji, na hufanyika vyema zaidi katika wiki za mwanzo. Kukandwa kwa mafuta siku hizo huongeza madhara. Wakandaji wanaheshimika mitaani, na kwa misuli iliyochoka huenda wanaburudisha, ila kwa mfupa au kano ambayo haijapigwa picha wasubiri.

Kabla ya kufika hospitali, kipande cha katoni ngumu kilichowekewa kitambaa laini kinatosha kuushikilia mkono. Ufungwe ukiwa umekunjika kidogo, kama ulioshika glasi ya uji, na pete ivuliwe mapema kabla vidole havijavimba. Kidole kilichopinda, kilicho na jeraha lililofika mfupani, kilichokufa ganzi, au chekundu na cha moto chenye dalili za usaha, hakihitaji gango bali hospitali siku hiyo hiyo. Anayeamka vidole vya mikono yote miwili vikiwa vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa naye aonwe, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa baridi yabisi inayotaka dawa yake.

Dukani, gango livaliwe na kujaribiwa, si kukadiriwa kwa macho. Kuna la kulia na la kushoto. Likikazwa, kucha ibonyezwe mpaka iwe nyeupe, kisha iachwe: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikichelewa, au vidole vikiwashwa kama vilivyokaliwa, limebana mno. La raba laini huhifadhi joto na ni la starehe, lakini halizuii sana. Lenye bamba la plastiki au chuma huzuia zaidi. Anayeshinda mikono ikiwa majini asilivae raba likiwa limelowa, maana ngozi itaoza. Na mwendeshaji boda boda asiendeshe na gango gumu linalomzuia kushika breki au klachi, hata kama ni kwa safari fupi ya kutoka Rhonda hadi Kaptembwo.

Yapo pia magango yanayotengenezwa kwa kipimo cha mkono wa mtu mwenyewe, kwa plastiki inayolainishwa katika maji moto. Hayo hufanywa na wataalamu wa tiba-kazi, taaluma ambayo Kenya iliitungia sheria yake mwaka 2017. Njia ya kuwafikia huanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, ambako mkazi aliyejisajili na SHA kwa kupiga *147# huonwa bila malipo, kisha akapewa barua ya kwenda hospitali kubwa kama ile ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti, ambayo wengi bado wanaiita PGH. Gharama ya gango lenyewe iulizwe kabla halijatengenezwa.

Aliyeumia akiwa ameajiriwa, iwe ni kwenye shamba la maua Naivasha au karakana ya hapa mjini, amwarifu mwajiri mara moja na kwa maandishi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali ndani ya siku 7 tangu apate habari. Karatasi za hospitali, pamoja na ile eksirei ya kwanza iliyosemekana kuwa safi, zitunzwe zote pamoja.