Moyo wa Mtoto Usikilizwe kwa Wakati



Mama wa Issenye, wilayani Serengeti, anaposhikwa na uchungu, mioyo miwili huwa mikononi mwa mkunga. Wa mama hupimwa kwa vidole juu ya mshipa wa mkono. Wa mtoto, kwa miaka mingi, umesikilizwa kwa fetoskopu, yaani kile kijipembe kinachowekwa tumboni mwa mama na kutegewa sikio.

Kijipembe hicho hakimwumizi mama, hakihitaji umeme, wala hakistahili kubezwa. Kasoro yake ni kwamba husema pale tu mkunga anapoinama. Mapigo ya kawaida ya mtoto tumboni ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Yakishuka wakati mkunga anamhudumia mama wa pili, hapana atakayejua. Na mtoto aliyepungukiwa hewa hangoji zamu yake.

Pengo hilo ndilo lililokusudiwa kuzibwa na chombo kiitwacho Moyo, kilichotengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway na kupewa jina la Kiswahili. Kihisi chake kina fuwele 9 zinazopeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, kisha kuyapokea yarudipo kutoka kwenye moyo unaodunda. Hufungwa tumboni kwa mkanda, hutumia betri ya kuchaji, na hutoa ishara mapigo yanapokwenda kombo. Mama akikigusa kwa vidole, hupima mapigo yake pia, ili moyo wake usidhaniwe kuwa wa mtoto.

Chombo hiki si kigeni nchini. Uchunguzi uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kusikiliza mfululizo hubaini mapigo yenye hitilafu mara nyingi kuliko kusikiliza kwa vipindi. Baadaye kiliingizwa katika mpango wa Uzazi Salama uliohusisha vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Ni dhahiri, hata hivyo, kwamba ushindi huo haukuletwa na fuwele peke yake. Wakunga walifanya mazoezi ya mara kwa mara papo hapo kazini, na takwimu za kila kituo zikarudishwa kwao wazitafakari. Ishara isiyo na mtu wa kuiitikia ni kelele tu.

Mara haikuwamo katika mikoa hiyo mitano. Kwa hiyo, siku vyombo hivyo vitakapofikishwa vijijini, hapana budi mpangaji wa bajeti ahesabu pia mafunzo, umeme wa kuchaji na gari la kumfikisha mama Mugumu. Naye mwalimu, anayesikilizwa na wazazi, awahimize akina mama kufika kituoni mapema. Kwa maana hakuna kihisi kinachoweza kumsikia mtoto ambaye mama yake bado yuko njiani.