SIMU NA MTAJI WA DUKA
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Maganzo)



Zamani simu ilikuwa ya Posta, na kuipata ilikuwa shughuli. Leo kila mwenye genge, cherehani au banda la chipsi hapa Maganzo anayo mfukoni. Na tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, simu imekuwa pia sanduku la fedha. Hilo ni jema.

Lakini hebu tuulizane: sanduku hili linakula kiasi gani? Mteja analipa kwa simu. Sisi tunakimbilia kwa wakala kutoa kidogo kidogo, mara tatu kwa siku, na kila mara tunakatwa. Mwaka 2021 serikali ilipoweka tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, tulipiga kelele, ikapunguzwa mwaka uleule. Makato ya kampuni je, nani anayahesabu? Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza.

Basi tumekubaliana hivi:

1. Makato yote yaandikwe daftarini kila siku, kama nauli ya mzigo.

2. Tusitoe ovyo. Mwenye duka la jumla akipokea kwa simu, tumlipe humohumo, ila tuulize kwanza makato yake.

3. Meseji siyo fedha. Usipime sukari kabla ya kuangalia salio. Mwenzetu mmoja ameshalizwa hivyo.

Kampuni ya simu ni mfanyabiashara kama sisi. Yeye anahesabu. Na sisi tuhesabu.