Mwenye Pikipiki Asiyeipanda

Msikilizaji, pita pale Kanduyi, Bungoma, alfajiri. Pikipiki zimejipanga steji, lakini wenyewe wengi hawapo. Mmoja yuko darasani anafundisha, mwingine yuko zamu hospitalini, mwingine yuko Kitale anapalilia mahindi.

Mtindo huu wa mwenye pikipiki kutoipanda ulishika kasi baada ya bajeti ya mwaka wa 2007/2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Mwalimu akachukua mkopo wa sacco, akanunua, akamkabidhi kijana wa jirani. Jioni kijana analeta hesabu, yaani pesa walizokubaliana. Kinachobaki ni chake. Mwenye mali hajui hata gia ya kwanza iko wapi, na wala haoni haya.

Sasa, wewe mwenye pikipiki, oili ya injini inabadilishwa na nani? Kijana anasema ni wewe, wewe unasema ni yeye, nayo imekuwa nyeusi kama masizi. Mnyororo umelegea, breki zimeisha. Kwenye matope ya Trans Nzoia mwezi wa nne, hapo ni kaburi.

Tena sheria inamjua aliyeandikwa kwenye hati ya umiliki. Bima ya kufidia watu wengine ni lazima. Ikiisha na kijana agonge mtu, mlango utakaobishwa ni wako. Mwombe kijana leseni yake, uishike mkononi. Helmeti ziwe mbili, abiria mmoja.

Na kama uliuza kwa kupeana ufunguo tu, hamisha umiliki leo. Kwa NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, pikipiki hiyo bado ni yako.