Mfalme Mchanga na Walezi Wake



Mada yangu ni mtoto anayetawazwa kabla hajajua kuzungumza. Swali langu ni hili: akishakuwa mtu mzima, anaweza kudai kilichotolewa kwa jina lake?

Agosti 1897 Waingereza walimwondoa Kabaka, yaani mfalme, Mwanga wa Buganda, aliyekuwa amewaasi, wakamweka mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Mamlaka yakashikwa na walezi watatu: Katikiro (waziri mkuu) Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mwanga alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903.

Tarehe 10 Machi 1900 walezi hao walitia sahihi Mkataba wa Buganda na Sir Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza. Kabaka alikuwa na miaka mitatu. Hebu tuzisome hesabu za mkataba huo. Nyumba ya Kabaka ilitengewa pauni 650 kwa mwaka mpaka atimize miaka 18. Kila mlezi, pauni 400. Ukijumlisha, walezi walipata 1,200, karibu maradufu ya fungu la yule waliyemlea. Kabaka alipewa maili za mraba 350 za ardhi. Maili 8,000 zikawaendea machifu na watu binafsi wapatao elfu moja, na mgawo wa ardhi hiyo ukapitia Lukiiko, baraza lililoongozwa na walezi wenyewe.

Chwa alitimiza miaka 18 mwaka 1914. Katika miaka ya 1920, Bataka, yaani wakuu wa koo, walimlilia kuhusu ardhi yao ya jadi, naye akawaunga mkono. Mwaka 1926 serikali ya London ililikataa dai hilo. Sahihi zilizotiwa akiwa na miaka mitatu zilimshinda akiwa na miaka kama thelathini.

Linganisheni na James wa Sita wa Uskoti, aliyevikwa taji Julai 1567 akiwa na miezi 13. Walezi wake walikuwa wanne, mmoja baada ya mwingine: Moray alipigwa risasi, Lennox akauawa, Mar akafariki, na Morton akakatwa kichwa. Pamoja na vurugu zote hizo, desturi ya Uskoti ilimruhusu mfalme aliyekomaa kubatilisha vilivyogawiwa utotoni mwake. James alifanya hivyo bungeni mwaka 1587, akiwa na miaka 21.

Huku Eastlands, Nairobi, hatuna mataji, ila tuna ploti Kayole na nyumba Umoja. Baba anafariki, ami anakwenda kwa chifu kuomba barua ya kufungulia mirathi, na jina la mtoto anayelelewa na nyanyake ushago halimo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, haikulala. Warithi wakiwemo watoto, kifungu cha 58 kinadai wasimamizi wasiopungua wawili, isipokuwa msimamizi akiwa Mdhamini wa Umma au shirika la udhamini. Kifungu cha 76 kinairuhusu mahakama kufuta hati ya mirathi iliyopatikana kwa kuficha ukweli. Lakini nyumba ikishauzwa, kifungu cha 93 kinaweza kumlinda mnunuzi.

Kwa hiyo msingoje mtoto akue. Isomeni barua ya chifu jina kwa jina, na tangazo la mirathi likitoka katika Gazeti Rasmi, pelekeni pingamizi mahakamani ndani ya siku 30.