Majina ndani ya kitabu cha simu

(Maongezi mbele ya familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wa kamati zao)



Nimeombwa niseme juu ya sanaa na amani. Sitasema juu ya ngoma wala michezo ya kuigiza, maana hayo mnayafanya wenyewe vizuri kuliko mimi. Nitawaeleza maisha ya mtu mmoja, Luis Camnitzer, msanii na mwalimu wa sanaa. Nimemchagua kwa sababu alianza maisha kama watoto wengi walio hapa: alibebwa na wazazi waliokuwa wanakimbia.

Alizaliwa mwaka wa 1937 katika mji wa Lübeck, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Utawala wa Hitler ulikuwa unawatesa Wayahudi. Mwaka wa 1939, mtoto akiwa bado mchanga, familia ilivuka bahari ikaenda Uruguay, nchi ndogo ya Amerika ya Kusini. Huko akakua, akajifunza uchongaji na usanifu wa majengo katika mji mkuu, Montevideo. Mwaka wa 1964 akahamia New York, Marekani. Yeye na wenzake wawili, Liliana Porter wa Argentina na José Guillermo Castillo wa Venezuela, wakafungua karakana ya kuchapa picha. Picha ya kuchapwa hutoa nakala nyingi, basi haibaki mali ya tajiri mmoja.

Sanaa yake inaitwa sanaa ya wazo. Maana yake, wazo ndilo linatangulia, na mkono unafuata. Katika miaka hiyo ya 1960 alitengeneza kibao chenye maneno tu. Kinamwambia msomaji kwamba kibao ni kioo, na yeye msomaji ni sentensi iliyoandikwa. Najua mzee mmoja atauliza: sasa picha iko wapi? Picha iko kichwani mwako wewe unayesoma. Hapo ndipo Camnitzer alitaka iwe.

Mwaka wa 1970 alipanga maboksi 80 ya karatasi ngumu, yamefungwa bandeji zenye madoa kama ya damu, yamepangwa kama mizigo ndani ya depo. Sisi tuliozoea kupokea maboksi ya misaada tunaweza kuielewa kazi hiyo upesi kuliko watu wa New York. Unaliona boksi, unajiuliza ndani mna nini, nani alilifunga, na linapelekwa kwa nani.

Kuanzia 1969 hadi 2000 alifundisha katika chuo cha serikali cha Old Westbury, jimbo la New York. Kwake yeye, kufundisha sanaa hakukuwa kufundisha mkono peke yake. Mwanafunzi aanze na swali, kisha atafute njia ya kulijibu, iwe rangi, iwe karatasi, iwe neno. Mwaka wa 2007, katika maonyesho makubwa ya Porto Alegre, Brazili, alipewa kazi ya kusimamia upande wa elimu. Aliweka vituo karibu na kazi za wasanii, na hapo mgeni alisoma ni tatizo gani msanii alikuwa anatafuta kulitatua, naye akaacha jibu lake mwenyewe. Walimu mlio hapa, jambo hilo halidai pesa nyingi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Tangu 1973 hadi 1985 Uruguay ilikuwa chini ya udikteta wa kijeshi. Watu walifungwa, waliteswa, na wengine walichukuliwa wasionekane tena. Camnitzer alikuwa mbali, New York. Katika miaka ya 1983 na 1984 alichapa picha 35 juu ya mateso hayo. Hakuonyesha mtesaji wala mateso yenyewe. Alionyesha kitu cha kawaida au sehemu ya mwili, na chini yake maneno machache yaliyoandikwa kwa mkono. Anayetazama ndiye anayeunganisha, na akiisha kuunganisha hawezi tena kusema hakujua.

Udikteta ukaisha, lakini mwaka wa 1986 ikatoka sheria ya kuwakinga askari na polisi wasishitakiwe. Wananchi walipiga kura juu yake mara mbili, 1989 na 2009, na mara zote mbili sheria ikabaki. Familia zilikuwa bado zinauliza: watu wetu wako wapi?

Mwaka huohuo wa 2009 Camnitzer alitoa kazi aliyoiita Memorial, yaani ukumbusho. Alichukua kurasa za kitabu cha simu cha Montevideo, akaingiza majina ya waliopotezwa, kila jina mahali pake kwa alfabeti, kwa herufi zilezile. Kurasa ni 195. Hakuna alama, hakuna wino mweusi zaidi. Ukitazama unaona majina ya watu wa mji, basi. Ndugu wa aliyepotea tu ndiye anajua asimame kwenye mstari gani.

Kwa maoni yangu, hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Orodha zetu za wafu na wapotevu tunazigawa: hawa wa kabila letu, wale wa kijiji kile, na wengine hatuwaandiki kabisa. Ndani ya kitabu kile jirani alifuatana na jirani kwa herufi ya jina. Aliyepotezwa alirudishwa katikati ya walio hai, mahali ambapo jina lake lingekuwa kama asingechukuliwa.

Viongozi wa kamati, ninyi mnashika madaftari ya familia. Ninaomba tukae vikundi vikundi, kila kikundi kijibu maswali matatu. Katika daftari lenu, aliyepotea njiani anaandikwa wapi? Nani aliamua afutwe au abaki? Na mama yake aliulizwa?

Karatasi na kalamu ziko kwenye meza ile. Tuna saa moja.