Kiu Yetu na Kiu ya Wengine
 Mnajua mimi sili nyama, maziwa wala mayai. Futari yangu ni uji wa wimbi, viazi vitamu na maharagwe. Siharamishi alichohalalisha Allah. Lakini ndama akilia, najiuliza: kosa lake nini? Wazazi wetu waliuliza hivyo hivyo watoto walipokimbia vita vya Mlima Elgon, 2006 hadi 2008. Jibu lote analo Mola. Ila Mtume (s.a.w.) ametufundisha habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Hakutakiwa kwanza aeleze kwa nini kiu ipo, alishuka kisimani. Basi nasi, saumu ikitukausha koo, tushuke. Wabillahi tawfiq.