Tuwe Midomo ya Wagonjwa Wetu

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walikuwa na maana kwamba mgonjwa hangojwi mpaka aombe. Aliye karibu naye aitambue haja yake na kumtimizia. Ni methali nzuri. Lakini baadhi yetu tumeigeuza, tukaichukua kana kwamba mgonjwa hana lolote la kuulizwa, hasa yule aliyeumia ubongo akapoteza kauli.

Aisifuye mvua imemnyea. Mwaka 2019 kaka yangu, fundi seremala, alianguka kutoka kwenye pikipiki aliyopanda kama abiria bila kofia ngumu. Alipasuliwa kichwa na maisha yake yakaokolewa, lakini upande wa kulia ulipooza na kauli ikapotea. Alikaa wodini miezi minne. Mimi na shemeji tulipokezana kumuuguza.

Mwezi wa pili zikaanza vurugu. Kila jioni kaka alipigapiga kitanda kwa mkono wa kushoto na kuuchomoa mpira wa kulishia uliopita puani. Nesi akaniambia, "Mgonjwa wenu mkorofi, kaka. Itabidi tumfunge mkono." Akafungwa. Nami, nakiri mbele yenu, niliitikia kwa kichwa. Niliogopa kwamba nikibisha, mgonjwa wetu atachukiwa.

Shemeji hakuridhika. Alinunua daftari la shule akawa anaandika: kageuzwa saa ngapi, kalishwa nini, vurugu zimeanza saa ngapi. Baada ya siku tano daftari lilionyesha jambo ambalo sote hatukuliona. Vurugu zilikuja kila siku alipokuwa amelazwa chali tangu mchana mpaka wauguzi wa zamu ya jioni wanapoingia. Daktari alipopita, shemeji akamwambia kwa adabu, "Shikamoo, daktari. Naomba ageuzwe, tumtazame mgongo." Akageuzwa. Chini ya kiuno, pale mfupa unapokandamiza godoro, palikuwa na kidonda cha kuingia kidole.

Kumbe kaka hakuwa mkorofi. Alikuwa anatuita kwa mkono pekee aliobaki nao, nasi tukaufunga.

Simtupii lawama zote nesi yule. Alikuwa na wagonjwa zaidi ya thelathini, na hakumjua kaka yangu kabla ya ajali. Ni kweli pia kwamba jeraha la ubongo lenyewe huweza kumfanya mtu mpole awe na hasira au ahangaike. Lakini kabla ya kusema ni ubongo, tutafute kwanza kinachomsumbua: kidonda, kibofu kilichojaa, choo kilichofunga, homa, au mate yanayompalia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupaswa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili. Anayelishwa kwa mpira ainuliwe kichwa na kifua, chakula kisije kikaingia mapafuni. Hayo ndugu anaweza kuyajua, na anaweza kuyauliza.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. Kwanza, familia ichague msemaji mmoja. Jamaa kumi wakiuliza swali moja kwa sauti kumi, wauguzi huchoka. Pili, awe na daftari, kwa maana hasira husahaulika lakini maandishi hubaki. Tatu, awaeleze wauguzi mgonjwa ni nani: jina analopenda kuitwa, kazi yake, wanawe. Tulipowaambia kwamba kitanda cha nyumbani kwake alikichonga mwenyewe, walianza kumwita "Fundi", na akawa anafumbua macho. Nne, aulize bila kugomba, na asiondoke bila jibu. Adabu si kunyamaza.

Kwa wakuu wa hospitali nina ombi moja. Ndugu anayeuliza si mpelelezi. Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, nayo inasisitiza kuheshimu utu wa mtu mwenye ulemavu. Utu huo haumtoki mtu kwa sababu kauli imemtoka. Basi mkono usifungwe mpaka ndugu zake wameulizwa na mwili wake umekaguliwa.

Leo kaka yuko nyumbani. Anasema maneno machache, na "hapana" ndilo analolisema vizuri kuliko yote. Shemeji yuko kwenye daftari la tisa. Mimi bado naukumbuka mkono ule uliofungwa, na kichwa changu kilivyoitikia.

Mgonjwa haulizwi uji, sawa. Lakini aulizwe kama uji wenyewe ni wa moto. Na kama hawezi kujibu, awepo mtu wa kuuonja kabla yake.